Msizitoe thamostati kwenye magari yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye magari wenzangu wa jiji hili, na kupitia kwao niseme na mafundi wanaotuhudumia, kuhusu desturi moja iliyozoeleka mno hata hakuna anayeihoji: gari likichemsha, jambo la kwanza ni kuitoa thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea injini kulingana na joto, kuitupa, na kufunga tena bila kitu ndani. Sababu inayotolewa ni ileile karibu kila gereji, kwamba kidude hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi na huku kwetu Pwani hakina kazi. Niliiamini sababu hiyo kwa miezi minne, na kwa kuiamini nikaharibikiwa na silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2006 yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo wasomaji wengi wanayo hata kama hawalijui jina lake, kwa kuwa imo pia katika IST nyingi, Probox na Raum. Ni injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wa sentimita 1,497 za ujazo. Ina magonjwa yake ya kawaida. Koili moja ikifa injini hutetemeka na kukosa nguvu, njia ya hewa ikijaa uchafu gari huzimazima likisimama, na umri ukisogea huanza kunywa oili kidogo kidogo. Hayo yote husameheka. Kuchemsha hakusameheki, kwa sababu bloku, yaani mwili wa injini, na hedi vyote ni vya aluminiamu, madini ambayo yakipata moto hutanuka takribani mara mbili ya chuma, na hedi iliyobanwa kwa bolti za chuma ikitanuka kupita kiasi hupinda.

Gari lilianza kuchemsha mwezi Februari mwaka jana, na lilikuwa na mahali pake pa kuchemshia. Kutoka Kimara alfajiri, barabara ikiwa nyeupe, halikuwa na neno; lakini jioni, katika foleni ya kutoka Fire kwenda Magomeni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na mabasi ya mwendokasi yakitupita kwenye njia yao, taa nyekundu ya joto iliwaka, na foleni ikifunguka gari likakimbia kidogo, taa ilizimika. Fundi makini angeyasikia maelezo hayo akaenda moja kwa moja kwenye feni, maana gari linapokimbia upepo wa barabarani ndio unaopoza rejeta, kile kifaa cha mbele ambamo maji ya injini hupoa, na linaposimama kazi hiyo hubaki kwa feni peke yake. Fundi wa gereji niliyokwenda hakuuliza linachemsha wapi wala saa ngapi. Alitoa thamostati, akajaza maji ya kisima kutoka kwenye ndoo, na kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimelipa na kuondoka.

Vitz hii haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikishapata moto. Zamani taa hiyo ilikuwa ikizimika nikiwa bado ndani ya mtaa wetu. Baada ya matengenezo ikawa inanisindikiza hadi Ubungo, na asubuhi za mvua hadi Manzese. Mimi nikafurahi kwamba gari limepoa. Sikujua kwamba kompyuta ya injini, ikiambiwa na kihisio chake kwamba maji bado ni ya baridi, huongeza petroli kama mtu anayewasha jiko lililolala, na kwamba petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kuichanganyikia. Oili isiyopata moto wa kutosha haiwezi kuutoa unyevu na petroli iliyoingia ndani yake, hivyo pole pole hugeuka tope. Nilichokiona kwa macho ni kipimo cha petroli tu, ambacho kilikuwa kikishuka upesi kuliko nilivyozoea.

Hoja ya nchi ya joto haina mashiko hata kidogo. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka maji yakifika kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Hewa ya Dar es Salaam mwezi Februari ni nyuzi 32 hivi, kwa hiyo hata hapa injini inahitaji kupashwa nyuzi 50 zaidi ndipo ifanye kazi vizuri. Tena Tokyo yenyewe, kwao gari, mwezi Agosti hufika nyuzi 35, na sijapata kusikia kwamba Wajapani hung'oa thamostati zao kila kiangazi.

Lakini jambo ambalo mafundi wengi niliozungumza nao hawakulijua ni hili. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ina vali mbili, na si moja. Vali kubwa hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ile ndogo iliyo nyuma yake huziba njia ya mkato ambayo maji huipitia kurudi kwenye injini wakati wa kupasha moto. Ukikitoa kifaa kizima, njia ya mkato hubaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji ya moto hurudi ndani ya injini bila kuiona rejeta. Ndiyo maana gari lililotolewa thamostati huchelewa kupata moto asubuhi na huchemsha upesi kwenye foleni jioni: mkosaji ni yuleyule asubuhi na jioni.

Langu lilichemsha mara ya mwisho mwezi Juni, wakati jiji letu lina nafuu ya joto, pale bonde la Jangwani ambapo hakuna hata pa kusogeza gari pembeni. Nilipofungua kifuniko cha oili siku ya pili nilikuta rangi ya chai ya maziwa. Fundi mashine mmoja wa Gerezani, mzee asiyependa maneno, aliilaza hedi juu ya meza, akaisimamishia rula ya chuma kwa ubavu, kisha akapitisha vipimo vyake vya bati nyembamba kimoja baada ya kingine mpaka kile cha milimita 0.15 kikapita bila kukwama. Kinachoruhusiwa ni 0.05. Yaani pengo la unene wa nywele mbili lilitosha kuua gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku na kuyakutanisha maji na oili. Kuchonga hedi, gasketi mpya, oili mpya mara mbili na ufundi vilimeza kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Chanzo cha yote, alichokipata yeye kwa robo saa, kilikuwa mota ya feni iliyokwisha kaboni.

Nilirudi gereji ya kwanza kudai thamostati yangu. Walinionyesha kopo la rangi lililojaa thamostati za watu, nikaitambua yangu kwa namba 82 iliyogongwa juu yake na kwa mpira wake uliochanika upande mmoja. Nyumbani niliifunga uzi nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa kitako, mke wangu akiomboleza sufuria yake. Kwenye nyuzi 82 mdomo ulianza kuachia, na kabla maji hayajatokota ulikuwa wazi kabisa. Kifaa kilichohukumiwa kilikuwa kizima.

Nakiri mafundi wana hoja moja ya haki. Madukani zimejaa thamostati za bandia, na ile inayokwama ikiwa imefungwa huua injini haraka kuliko kukosekana kwake. Dawa yake ni sufuria hiyohiyo: ijaribiwe kabla haijafungwa, mbele ya mwenye gari.

Yapo pia maji tunayojaza. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na maji ya chumvi hula aluminiamu na kuacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta, mwembamba kwa kuutazama lakini mzito kwa kuzuia joto. Wengi wetu tunaamini kwamba kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya kuzuia barafu, kumbe hapa kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Vilevile mfuniko wa rejeta usidharauliwe, kwani kwa kuongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na ule wa hewa huwezesha maji kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Mfuniko uliolegea huyarudisha kwenye nyuzi 100, na hapo foleni moja inatosha.

Ombi langu kwa vyuo vya ufundi, VETA Chang'ombe ikiwa ya kwanza kwa sisi wa Dar es Salaam, ni kwamba jaribio la sufuria lifundishwe kwa mafundi wa mitaani katika kozi fupi za jioni, kwa kuwa ndio wanaoshika magari mengi ya jiji hili. Na kwa mwenye gari, kabla hujamruhusu mtu kufungua chochote, mweleze linachemsha likiwa limesimama au likiwa mwendoni, na kifaa kitakachotolewa udai upewe mkononi.

Nilinunua mpira mpya, thamostati yangu ikarudishwa mahali pake pamoja na kulanti na mota mpya ya feni. Asubuhi hizi taa ya bluu inazimika kabla sijafika barabara ya Morogoro.

Wako,
Mwenye Vitz, Kimara,
Dar es Salaam