Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Trekta, Kiteto

Ndugu wanachama,

Awali ya yote tumshukuru Mungu kwa uzima. Shughuli za kawaida mnazijua: trekta letu, MF 375, limelima ekari 412, oili na filta vimebadilishwa kwa wakati, plau limepata sahani mpya, dereva amelipwa, Nane Nane tumekwenda. Mapato na matumizi yamo kwenye karatasi ya mhazini.

Nije kwenye tairi, maana maneno yamekuwa mengi.

Mwezi Agosti kamati ilinunua tairi mbili mpya za nyuma, za waya (radial), saizi ileile ya 18.4 kwa 30. Wengi mlitaka za nailoni zilizokwishatumika, kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli akiba yote iliishia hapo. Lakini zile za zamani zilikuwa vipara, zinateleza mbugani na kuteketeza dizeli, na fundi wa pancha alikuwa anazijaza upepo hadi psi 30. Mgandamizo wa tairi juu ya udongo haupishani sana na upepo uliomo ndani yake. Tairi ya waya inakubali upepo mdogo, inatandaza unyayo, uzito unagawanyika. Sasa shambani tunatumia psi 14.

Wenye shaka niliwaita tuchimbe kwa sururu pale trekta lilipopita mwaka juzi likiwa kwenye tope. Udongo ulikuwa umeshindiliwa, ukatoka mabamba mabamba, na mizizi ya mahindi ilikuwa imeshuka kama shubiri moja kisha ikapinda kulala ubavu. Mvua ikinyesha hapo, maji yanakimbilia korongoni. Walikuja watu wanne.

Kuna waliosambaza kwamba mwenyekiti amekula na mwenye duka. Risiti zipo. Mkutano wa kujadili ununuzi uliitishwa mara mbili. Wa kwanza walikuja 17 kati ya wanachama 64, wa pili 14, akidi haikutimia, ndipo kamati ikaamua kama katiba inavyoruhusu. Wanaolalamika zaidi sikuwaona kote kuwili. Hata wazo la kuhama nailoni nililileta mimi tangu 2022 nikachekwa.

Tairi ya waya kubonyea ubavuni ndivyo ilivyo, si pancha. Nimepigiwa simu usiku kwa jambo hili, na mtu mmoja aliijaza kwa siri hadi ikawa ngumu kama jiwe. Upepo unapimwa kwa geji asubuhi kabla trekta halijatoka, na geji anakaa nayo dereva.

Katazo la kuingia mashamba yenye maji linabaki. Finyanga udongo wa kina cha plau kiganjani: ukivingirika kama uzi, trekta linasubiri. Na tela la matofali barabarani kwa upepo wa shambani ni kuua tairi kwa joto, hivyo ombi hilo tulilikataa, hata lilipotoka kwa mjumbe wa kamati.

Ada: waliolipa ni 29. Thelathini na tano hawajalipa, na baadhi yao ndio waliolimiwa kwanza. Kwa hali hii sijui tairi za mbele tutazipata wapi, nazo zimeanza kupasuka ubavuni kwa kuachwa juani.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kujenga kibanda cha trekta na kutafuta ripa ya kuvunja tabaka gumu, kadiri hali itakavyoruhusu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti