Hicho kipimo cha "jeni ya kirusi" mnachokiulizia, soma hapa kabla hujalipa

Wiki haiishi bila mtu kutuuliza hili sisi tunaopima moyo. Juzi kaja dada mmoja, mdogo wake kaambiwa moyo umepanuka baada ya homa na mafua yaliyomlaza wiki mbili, keshasoma mtandaoni huko kwamba kuna jeni inayoruhusu virusi kuingia kwenye moyo, basi anataka familia nzima ipimwe hiyo jeni. Tukamwambia dada, hela yako tunaitaka, ila si kwa kipimo hicho.

Iko hivi. Kirusi hakiingii tu kwenye seli, lazima kikute protini fulani imekaa juu yake kiishike, hiyo ndo inaitwa kipokezi, wewe chukulia ni mlango. Kwa msuli wa moyo msumbufu anayejulikana sana ni koksaki B (jina limetoka mji wa Coxsackie kule Marekani, kiligunduliwa 1948 watu wakiwa wanahangaika na polio), na mlango wake unaitwa CAR, ulitambuliwa 1997. Baadhi ya virusi vya adeno (kundi jingine, lenye virusi vya mafua) navyo vinapita hapohapo. Jeni inayoutengeneza ni CXADR, iko kwenye kromosomu ya 21, unayo wewe, ninayo mimi, hata jirani anayo. Kwa hiyo ukilipa upimwe kama unayo, jibu ni ndiyo, hongera.

Sasa mwili unamwekea adui mlango wa nini? Hapa ndo patamu. CAR haikuwekwa kwa ajili ya kirusi, kazi yake ni kushikanisha seli na jirani yake, palepale kwenye maungio umeme wa moyo unapopita. Watafiti waliwahi kuiondoa kwenye mioyo ya panya, kweli koksaki kikashindwa kuwaumiza, ila umeme nao ukaanza kuchelewa kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Yaani umeng'oa mlango ili mwizi akose pa kupita, kumbe ndo nguzo iliyobeba dari. Ukisikia mtu anauza dawa ya "kufunga jeni ya virusi", mwache apite.

Kinachotofautiana ni wingi wa hiyo milango. Kichanga anayo tele, akikua inapungua, na kwenye mioyo iliyopanuka ya baadhi ya wagonjwa imekutwa imejaa tena. Lakini wingi huo huuoni kwenye mate wala damu, mpaka upate kipande cha nyama ya moyo wenyewe, na sisi hatugusi huko.

Kikishaingia, koksaki kina mkasi wake, kimeng'enya kinachokata distrofini, protini inayoupa msuli uimara, ileile ambayo watoto wenye ugonjwa wa Duchenne wanazaliwa wakiikosa. Mimi hilo huwa linanishangaza kila nikilisimulia, kirusi na urithi vinakutana kwenye kamba ileile. Wengi wanapona vizuri tu, wachache ndo moyo unabaki umelegea na kupanuka.

Ndo maana dada yule tulimwambia kama ni jeni, apimwe kwanza mgonjwa mwenyewe, na zipimwe jeni za muundo wa seli za msuli kama titini na lamini, kwa sababu titini peke yake inachangia hadi robo hivi ya familia zenye moyo kupanuka wa kurithi. Likipatikana kosa ndo tunawafuata ndugu na kosa hilohilo, bei inashuka na jibu linaeleweka. Wakati huo wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wafanye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hata kama hakuna anayejisikia vibaya. Eko haiumi, unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli (ya baridi, tusameheane), kifaa kinapita katikati ya mbavu tunaangalia chumba cha chini kushoto kina upana gani na kila pigo kinasukuma damu asilimia ngapi. Ikisoma 60 tunatabasamu, ikisoma 35 hutoki hapa mpaka tuongee na daktari wa moyo.

Kama kifua kinauma sasa hivi, unazimia, au ukilala chali pumzi inakata, usibuku kwetu, nenda emajensi. Wengine mkija njooni na majibu ya zamani, hata ile karatasi ya eko ya mwaka juzi iliyokunjwa kwenye pochi, tutaikunjua hivyohivyo tulinganishe.