Farasi akikusukuma usimchape kichwani

Mhariri, mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, huku Njoro na kuna kitu inaniuma sana. Watu wanalisha farasi karoti mkononi kila saa, halafu akianza kuwasukuma na bega na kuwang'ata mfuko wa koti wanamchapa kichwani, sasa yeye atajua aje kosa ni gani? Na huyo ni mnyama wa kilo 400 na zaidi!

Nina mmoja alikuwa hivyo. Akinisukuma nilikuwa natingisha kamba ya kumwongoza, akirudi nyuma hata hatua moja naacha hapo hapo, maana ile kuacha ndiyo inamfunza. Karoti zikahamia kwa ndoo. Siku hizi nikisimama anasimama, kamba imelegea, masikio yake ameyaelekeza kwangu. Wenye farasi, tafadhali watoto wasimame kando ya bega, si mbele yake.

Saisi, Njoro