Hiyo ratiba ya Ethiopia mlitoa wapi?

Mhariri, nimesoma makala yenu ya vijana wa kubeba begi mgongoni kwenda Ethiopia kwa barabara, na hadi Moyale pale mpakani sina ugomvi na mwandishi, ni kweli Mkenya haitaji visa na lami siku hizi iko sawa. Shida yangu ni hiyo ratiba, ati siku ya kwanza Hawassa, ya pili Addis, ya nne Lalibela, na bei ya chumba mmeandika kwa birr, pesa yao, kana kwamba haitawahi kupanda.

Jameni birr! Julai 2024 serikali yao iliiachia ijitafutie bei sokoni, ilikuwa kama 57 kwa dola, wiki chache tu ishapita 100. Sasa mtu anafika gesti anaanza kubishana na mwenye nyumba ati gazeti lilisema.

Mabasi ya mbali huko yanatoka alfajiri na kwa kawaida hayasafiri usiku kama yetu, giza likiingia mnalala pale mlipofika, kwa hivyo hiyo Addis ya siku ya pili ni Mungu akipenda. Saa zao ni kama zetu, ukiambiwa saa kumi na moja ni kumi na moja ya alfajiri, wazungu ndo huachwa na basi hapo, sisi hatuna kisingizio. Na Lalibela iko mkoa wa Amhara, ambako tangu 2023 jeshi linapigana na wanamgambo wa Fano, mnawezaje kuipangia siku bila kutaja hilo hata kwa mstari mmoja?

Lakini kitu kimeniuma zaidi ni mfungo, manake mwandishi ameuruka kabisa. Waorthodoksi hawagusi nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, na kabla ya Pasaka wanaenda siku 55 hivyo hivyo. Mimi kabla ya hivyo vita nilitoka nyumbani nikiota tibs, ile nyama yao ya kukaanga, nikaangukia katikati ya mfungo, kila hoteli ni dengu na shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu) juu ya injera, ule mkate wao mwembamba kama chapati. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikawa kila jioni niko kwa mama mmoja karibu na stendi ju ya hiyo shiro yake, na hadi leo nikiulizwa habari za Ethiopia naanza na huyo mama, makanisa ya Lalibela yanafuata, manake hayo nilikuwa nishayaona kwa picha hadi nikayazoea (yako 11, yamechongwa kwenye mwamba, na ukisimama pale bado unashtuka, sikatai).

Mkiirudia hiyo makala toeni siku ya kwanza siku ya pili. Wekeni tarehe ya Pasaka yao, mara nyingi haiangukii siku moja na yetu, na Timkat, sikukuu yao ya ubatizo wa Yesu, ya 19 Januari (mwaka mwingine 20) ambapo vyumba huwa shida. Waambieni watu wabebe dola taslimu, kadi ikikataa mji mdogo hakuna wa kumlilia. Na mwenye kazi Jumatatu Nairobi asipange kufika Moyale Jumapili.

Msomaji wenu,
Nakuru