Haki za wanawake hazikuanzia Beijing

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Ile makala ya Jumapili, iliyodai kwamba wanawake wa Tanzania waliamka baada ya mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995, imenishinda kuinyamazia.

Miaka 40 kabla ya Beijing, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha lelemama cha Bomba, aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, chama kilichopigania uhuru, kupitia vikundi vya ngoma. Vikundi hivyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na ratiba ya kukutana. Ukimpata kiongozi, umewapata na wenzake. Huo ni ujuzi wa siasa. Mwandishi wako kauita burudani.

Kinachoniuma zaidi ni sheria alizoziruka, maana wanawake bado wanazihitaji leo hii. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, ilitamka kwamba mume hana haki ya kumchapa mkewe. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali iliyochumwa kwa pamoja, iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Rufaa yake mwenyewe ilikataliwa, lakini kanuni imebaki. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya akasema Holaria Pastory alikuwa na haki ya kuuza shamba alilorithi kwa baba yake, hata kama mila ya Kihaya ilimkatalia. Yote hayo kabla ya Beijing! Mwanamke anayeambiwa haki zake zililetwa na ndege kutoka China hatajua hata pa kuanzia. Anakwenda kudai talaka bila kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, shauri linatupwa. Au anapita, kisha anakaa na hati ya baraza ya kuonyesha kuwa usuluhishi umeshindikana hadi inapitiliza miezi sita, nayo haifai tena. Juzi nimeshuhudia mama mmoja akirudishwa hivyo, hati yake ina miezi minane, mtoto mgongoni. Wengine huleta mashahidi wanne wa kueleza ukorofi wa mume, na hakuna hata mmoja wa kueleza nyumba ilijengwa lini na nani alikuwa akibeba maji ya kufyatulia matofali.

Halafu maelezo ya picha zenu. Wanaume wanatajwa kwa majina na vyeo kutoka kushoto kwenda kulia. Wanawake ni "baadhi ya akina mama". Ndivyo historia inavyopotea, picha moja baada ya nyingine.

Ninachoomba: Jumamosi moja ondoa safu ya utabiri wa nyota, uchapishe kifungu cha 114 chote, chini yake utaratibu wa baraza na ile miezi sita kwa herufi nene. Na kila mpiga picha asirudi ofisini bila majina mawili ya kila mwanamke aliyempiga. Kwa Bibi Titi anza wiki hii. Jina lake unalo.

Msomaji wako,
Morogoro