Zoezi la "kipi si cha kundi" lisiishie kwenye kubonyeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wale wanaotunga masomo ya mtandaoni kwa ajili ya watoto wa shule za msingi, kuhusu zoezi moja dogo ambalo siku hizi hulikosi katika masomo ya namna hiyo. Mtoto huonyeshwa maneno au picha nne, akaambiwa abonyeze kile kisicho cha kundi. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi hapa mkoani Mtwara kabla ya kustaafu, na zoezi hili nililipenda na bado nalipenda, kwa sababu linamlazimu mtoto kutafuta kinachounganisha vitu vitatu kabla hajakitoa cha nne. Ninachokilalamikia ni namna linavyotungwa.

Jioni moja hivi karibuni mjukuu wangu wa darasa la nne alikuwa barazani na simu ya mama yake, akifanya mazoezi ya sayansi katika programu ambayo sina haja ya kuitaja. Likaja swali lenye maneno haya: korosho, karanga, mbaazi, choroko. Akabonyeza karanga. Simu ikatoa mlio wa kukosa, ikaweka alama nyekundu, ikaandika kuwa jibu ni korosho, kisha ikaruka kwenda swali lililofuata. Mtoto akanigeukia: "Babu, karanga si ndizo pekee zinazokaa chini ya udongo?"

Ndizo. Mtunzi alikusudia jamii za mimea, kwa kuwa karanga, mbaazi na choroko ni mikunde, ilhali korosho huzaliwa na mti ambao ni wa jamii moja na mwembe. Lakini hakukitaja kigezo chake popote, na mtoto wa huku kwetu, aliyekwisha kuokota korosho chini ya mkorosho, kuchuma mbaazi na kung'oa karanga kwa mikono yake mwenyewe, aliyapanga mazao yale kwa namna yanavyopatikana shambani. Alikuwa na kundi la vitu vitatu, alikuwa na kitu kimoja nje ya kundi, na alikuwa na sababu ya kweli. Alichokosa ni mtu wa kumsikiliza.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko simu zetu. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Aleksandr Luria, alikwenda Uzbekistani, na miongoni mwa mambo aliyoyafanya huko ni kuwaonyesha wakulima wasiojua kusoma picha za nyundo, msumeno, gogo na shoka, akiwauliza ni kipi kisichohusiana na vingine. Yeye alitarajia watoe gogo, kwa kuwa vilivyobaki ni zana. Wako waliokataa kutoa chochote: msumeno hukata gogo, shoka hulipasua, sasa ukiliondoa gogo hizo zana zitafanya kazi gani? Waliokwisha kupata masomo, hata ya muda mfupi, waliliondoa bila shida. Luria aliyachukua majibu ya wale wa kwanza kuwa dalili ya fikra inayoshikamana na mambo ya kila siku badala ya dhana. Mimi, kwa heshima zote, naona pia kwamba wakulima wale walijibu swali lililo mbele yao, na kwamba kupanga vitu kwa "aina" ni desturi ya shule ambayo mtu hufundishwa kama anavyofundishwa kushika kalamu. Ikiwa ni ya kufundishwa, basi mlio wa kukosa haufundishi.

Nisije nikaonekana nawarushia wengine mawe, nakiri kosa langu. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa ajili ya korona, nilikuwa nikiwatumia wanafunzi mazoezi kupitia kundi la WhatsApp la wazazi. Katika somo la ngeli niliandika: kikombe, kisu, kiboko, kitabu. Nilimkusudia kiboko wa mtoni, ambaye kwa upatanisho wa kisarufi huingia ngeli ya A-WA, tunasema kiboko amezama. Baada ya nusu saa ikaja sauti ya mtoto mmoja kupitia simu ya baba yake: "Mwalimu, mbona zote sawa? Kikombe kimeanguka, kisu kimeanguka, kitabu kimeanguka, na kiboko chako kimeanguka." Wazazi walicheka siku nzima, na sikuwa na la kujitetea.

Nikabadili zoezi, nikaenda kwenye vitenzi vya kauli ya kutendea: somea, pikia, potea, andikia. Nilijiona nimepata, maana potea ina umbo la kutendea lakini haikutokana na kitenzi kingine. Kabla ya kulituma nikamsomea jirani yangu, mzee anayesokota kamba za usumba. Akaniuliza kwani mimi sijui kupota kamba. Kupota ni neno halali, na ukimpotea mtu kamba umemsokotea. Zoezi langu likawa limebomoka pale pale barazani. Hatimaye nikaweka tembea mahali pa potea, na hilo limesimama hadi leo. Mzee yule hakuwahi kukaa chuo cha ualimu, lakini alifanya kazi ambayo watunzi wengi wa mtandaoni hawampi mtu yeyote aifanye: alilijaribu swali kwa nia ya kulivunja. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba kila fungu la maneno lipitie kwa watu wawili watatu wasiomjua mtunzi alikusudia nini, na kila mmoja aombwe kukitetea kila kitu, kimoja kimoja, kuwa ndicho kisicho cha kundi. Kinachoteteka kwa urahisi, nje ya jibu, hicho kibadilishwe.

Ushauri wa pili ndio ninaoutilia mkazo zaidi. Swali liwe na hatua mbili: mtoto achague kitu, kisha achague au aseme sababu. Anayebahatisha kati ya vitu vinne ana nafasi moja katika nne, yaani asilimia 25. Akitakiwa kulinganisha jibu lake na sababu moja kati ya tatu, nafasi hiyo hushuka hadi moja katika kumi na mbili, takriban asilimia 8. Hiyo ni hesabu tu. Faida kubwa iko kwenye zile sababu zenyewe, iwapo mtunzi ataziandika kwa akili. Katika swali la mjukuu wangu, sababu ya kwamba karanga hukaa chini ya udongo ingewekwa kama jibu linalopewa alama, nayo simu ingemwambia: sababu yako ni ya kweli, sasa tazama jamii ya mimea hii, je, ni upi usio wa mikunde? Programu inayoweza kupiga mlio inaweza pia kuandika sentensi hiyo.

Wapo watakaosema dawa ni nyepesi, kigezo kitajwe katika swali: "Kwa kuzingatia jamii ya mmea, ni kipi si cha kundi?" Kwenye mtihani nakubali moja kwa moja, kwa kuwa haki ya mtahiniwa inadai hivyo. Kwenye mazoezi, hata hivyo, ningekiacha kigezo wazi, kwa sababu kukitafuta ndiyo kazi yenyewe, na ukishamtajia mtoto umemwachia kupekua kumbukumbu tu. Tofauti hii kati ya kupima na kuzoeza inasahaulika sana mtandaoni, pengine kwa kuwa kitufe ni kile kile.

Picha nazo zina hila zake. Niliona fungu la nguru, changu, jodari na pomboo, ambalo jibu lake ni pomboo, kwa kuwa ni mamalia na hupumua kwa mapafu. Fungu ni zuri kabisa kwa watoto wa pwani. Lakini samaki watatu walipigwa picha juu ya meza nyeupe, na pomboo peke yake alikuwa anaruka juu ya maji ya buluu. Mtoto wa darasa la kwanza alilipata jibu haraka, nilipomuuliza sababu akasema, "Huyu ana bahari." Picha zifanane mandhari na ukubwa, vinginevyo tunapima macho. Vivyo hivyo jibu lisikae mwisho kila mara, wala lisiwe neno pekee refu. Na pale ambapo maneno yanatosha picha ziachwe, maana bando linanunuliwa na mzazi.

La mwisho ni la walimu wenzangu wanaofundisha kwa simu. Mtoto akishazoea, mwachie atunge fungu lake mwenyewe na awatumie wenzake. Wa Lindi anaweza kuandika Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Newala. Wa Mtwara ataigundua Newala kuwa ni ya kwao, kisha yatatokea mabishano kuhusu nani yuko juu ya uwanda na nani yuko bondeni, na hapo jiografia itakuwa imeingia bila kuitwa. Mafungu yote niliyoyataja humu anayetaka ayatumie bila kuniomba ruhusa, isipokuwa lile la kiboko, ambalo inabidi alirekebishe kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara