Mgonjwa wa miastenia aulizwe na hali ya moyo siku ileile ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme machache kuhusu miastenia gravisi, ugonjwa unaodhoofisha misuli, hasa upande wake ambao hata hospitalini hurukwa: hali ya moyo, yaani hisia, ya anayeugua. Siku hizi magazeti yanaandika sana juu ya sonona na msongo wa mawazo, na ni jambo jema. Ila kwa wagonjwa hawa sonona huja imefungamana na misuli, na mhudumu asiyejua kuvitenganisha anaweza kutibu kimoja akaharibu kingine.

Kwa wasioujua: mshipa wa fahamu unapotaka msuli ufanye kazi humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hupokelewa na vipokezi vilivyo kwenye msuli. Katika miastenia, kingamwili za mtu mwenyewe huvishambulia vipokezi hivyo. Amri inatoka, msuli unapata nusunusu. Ndiyo maana nguvu huwapo asubuhi na kupungua kuelekea jioni, huisha mtu akirudiarudia kazi ileile, na hurejea akipumzika. Kope zinashuka, vitu vinaonekana viwili viwili, sauti inatokea puani, taya linachoka kabla sahani haijafika nusu, mikono haikai juu kwa muda wa kusuka nywele. Ganzi hakuna, na akili iko timamu kabisa. Huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40 na wanaume waliovuka 60, ingawa haubagui.

Kuvunjika moyo huanza mapema, kabla hata jina la ugonjwa halijajulikana. Mgonjwa anakaa kwenye benchi la hospitali saa mbili nzima akisubiri zamu yake, na katika kukaa huko anapumzika. Akiingia kwa daktari kope ziko juu na mkono una nguvu, anaambiwa hana kitu, ni mawazo tu. Nyumbani anaitwa mvivu, maana asubuhi alichota maji na jioni anashindwa kusonga ugali. Ulimi ukiwa mzito saa moja usiku, watu wanasema ameshapiga chupa. Wengine wanazungushwa kwa waganga. Na hapa Dodoma, mji wenye Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, mtu akishauriwa tu amwone mtaalamu wa afya ya akili hujiona ameshahukumiwa kuwa kichaa, hivyo anayehitaji msaada huo kweli naye anaukwepa.

Kumshuku mgonjwa wa namna hii hakuhitaji mashine. Mwambie atazame juu bila kushusha macho kwa dakika moja au mbili, uone kama kope zinaanguka. Kisha funga barafu ndani ya glavu au kitambaa, iweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2. Kope ikipanda milimita 2 au zaidi, shaka yako ina msingi. Ubaridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ikabaki kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo aandikiwe rufaa kwa kipimo cha damu cha kingamwili na picha ya CT ya kifua, kwa sababu takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi huwa na uvimbe kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani.

Sasa tuje kwenye moyo wenyewe. Kliniki nyingi hutumia dodoso la kupima sonona, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 anahitaji kuchunguzwa zaidi. Kwa mgonjwa wa miastenia dodoso hili lina mtego. Linauliza kuhusu uchovu, ambao ndio ugonjwa wenyewe. Linauliza hamu ya kula, na huyu anaogopa chakula kwa kuwa kinampalia. Linauliza usingizi, na prednisoloni, dawa anayotumia kutuliza kinga, inamkesha. Linauliza kama anasogea au kuongea polepole. Maswali hayo manne peke yake yanaweza kumpa alama 12 hali moyo wake ni mzima.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Misuli ya uso ikilegea, mtu akicheka anaonekana kama anakunja uso kwa hasira, na akiumia rohoni uso hauonyeshi kitu. Kumsoma kwa macho ni kubahatisha.

Ushauri wetu ni kwamba jumla ya alama isiachwe iamue peke yake. Tazama kwanza maswali mawili ya mwanzo, la kukosa raha na la kuhuzunika au kukata tamaa, kisha lile la kujiona hufai. Swali la tisa, la kufikiria kufa au kujiumiza, likijibiwa chochote zaidi ya sufuri, mgonjwa haondoki kabla hajazungumza na mtu siku hiyohiyo. Ongeza swali lisilo kwenye karatasi: kama leo ungekuwa na nguvu, ungekwenda harusini? Mwenye miastenia tupu atakujibu haraka kwamba angekwenda na kucheza angecheza. Mwenye sonona hata hamu ya kwenda hana. Jibu hilo halitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, lakini limefungua mazungumzo mengi ambayo alama hazikuyafungua.

Lipo pia dodoso la ubora wa maisha lililotungwa kwa ajili ya ugonjwa huu, MG-QOL15. Toleo lake jipya lina maswali 15 ya alama 0 hadi 2, jumla 30, na linagusa macho, kula, kuongea, kazi, mahitaji ya familia, kutoka kwenda kwenye watu na kulemewa na hali. Linajazika foleni ikisogea. Faida yake ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe kliniki hadi kliniki: alama zikipanda ilhali nguvu za misuli ziko palepale, tafuta sababu nyumbani, kazini au moyoni.

Wakati mwingine sababu imo kwenye dawa. Prednisoloni inaokoa wengi, lakini hubadili hali ya moyo: kukosa usingizi, hasira za haraka, kulia bila sababu, mara chache hata kuchangamka kupita kiasi. Huvimbisha uso na kuongeza uzito, na msichana anayeambiwa amenenepa, maisha yamemkubali, anaumia mara mbili. Inywewe asubuhi pamoja na chakula. Ikianzwa kwa dozi kubwa inaweza kuongeza udhaifu katika wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo madaktari wengi huipandisha polepole. Mgonjwa asipoelezwa hilo huamini kwamba dawa inamuua na kuiacha ghafla, jambo la hatari kubwa. Azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, nayo huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya 6, kabla matunda hayajaonekana. Kumwambia mtu ukweli huo siku ya kwanza ni tiba ya moyo, na haina gharama.

Akihitaji matibabu ya sonona, zipo dawa ambazo wagonjwa hawa huzitumia chini ya uangalizi, fluoksetini ikiwa mojawapo. Kinachotutisha ni sindano ya kutuliza, diazepamu au klopromazini, kwa mtu aliyeletwa usiku akilia na kuhema. Ya kwanza hudidimiza pumzi, ya pili inaweza kuzidisha ulegevu wa misuli. Ushauri nasaha unafaa sana, ila upangwe asubuhi na uwe mfupi, dakika 20 au 30. Kikao cha saa nzima alasiri humchosha taya na sauti, naye hunyamaza, mshauri akaandika kwamba mteja hatoi ushirikiano. Aruhusiwe kuandika kwenye simu pale ulimi unapogoma.

Hofu na ukosefu wa pumzi vinafanana kwa nje, na kwa ugonjwa huu kuvichanganya kunaua. Mgonjwa avute pumzi moja kamili, kisha ahesabu kwa sauti kwa mwendo wa namba mbili kwa sekunde. Kwa kuwa namba zetu ni ndefu kuanzia kumi na moja, ahesabu moja hadi kumi na kurudia, mwenzake akihesabu mizunguko kwa vidole. Afanye hivyo siku akiwa mzima na aandike idadi yake kwenye daftari. Mwenye afya hufika karibu 50. Akishuka chini ya 20, au idadi yake ya kawaida ikipungua nusu, apelekwe hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo akishindwa kumeza mate, kikohozi kikikosa nguvu, au kichwa kisipoinuka kwenye mto. Kifaa cha kupima oksijeni cha kwenye kidole kisiwadanganye: oksijeni huanza kushuka mwishoni, misuli ya pumzi ikiwa imeshachoka. Aliye na idadi yake ileile anaweza kutulizwa kwa maneno na kulala, na kujua hilo kumewapunguzia wengi woga wa usiku.

Siku ya mgonjwa inapangwa kwa saa ya kidonge. Piridostigmini, dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe haraka, ya miligramu 60 huanza kufanya kazi baada ya dakika 30 hadi 45 na hudumu saa 3 hadi 6. Imezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo, ili taya na koo viwe na nguvu wakati wa kula. Mlo mkubwa uwe wa asubuhi au mchana. Ugali mkavu wa mtama na nyama ngumu vinachosha. Ugali laini kwa mlenda hupita vizuri, na uji mzito ni salama kuliko chai, ambayo hutokea puani. Dawa hii huweza kuleta kuhara na tumbo kukata, na wapo wanaoiruka siku ya safari kwa kuogopa kukosa choo njiani, kisha wanaishia kubebwa. Wamwambie daktari; dozi hurekebishwa, na kipande cha mkate pamoja na kidonge husaidia. Joto nalo huongeza udhaifu. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka hapa kwetu, kazi za shamba na sokoni ziishe kabla ya saa nne asubuhi.

Kuhusu kazi, waajiri wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zinazobaki kwa nusu. Wengi wala hawahitaji zote. Zamu ya asubuhi, kiti, na ruhusa ya kupumzika dakika 15 vinatosha kumbakiza mtu kazini, na anayebaki kazini huwa na moyo mwepesi kuliko aliyerudishwa nyumbani kuhurumiwa.

Kila mgonjwa atembee na kadi yenye dawa za kuepuka au kutumiwa kwa tahadhari kubwa: jentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, erithromaisini, propranololi na kwinini. Akina mama waongeze magnesiamu salfeti, inayotolewa kwa kifafa cha mimba, ili wakunga wajue mapema. Kadi ionyeshwe hata kwenye duka la dawa muhimu, maana ndiko siprofloksasini inakotolewa bila maswali mengi.

Ombi letu kwa waganga wakuu wa wilaya, kuanzia Kondoa hadi Kongwa, ni moja. Piridostigmini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini wagonjwa wake ni wachache kila wilaya, hivyo hakuna anayeiagiza mpaka mtu aje kuulizia. Kila hospitali ihesabu wagonjwa wake kwa majina, izidishe vidonge vya kila mmoja kwa siku mara 90, yaani akiba ya miezi mitatu, na kuagiza akiba hiyo kabla iliyopo stoo haijaisha. Mgonjwa anayejua vidonge vya mwezi ujao viko stoo hahesabu vilivyobaki mkononi kila usiku.

Ni sisi,
Wauguzi na wafamasia,
Dodoma